Nani Anaishi Kwenye Kontua?

Kuna uandishi ambao hakuna mtu anayeuhakiki, kwa sababu hakuna anayeuona kuwa uandishi. Nazungumzia maelezo ya njia za baiskeli za changarawe: aya mbili tatu zinazoandamana na mstari mwekundu kwenye ramani ya simu, chini yake mchoro wa miinuko uliochongoka kama meno ya msumeno, na picha ya jamaa mwenye helmeti akitazama bonde utadhani amelinunua. Tangu nipate baiskeli ya kufaa (mtumba, fremu ya chuma, gia tisa nyuma), nimesoma maelezo ya aina hii mengi kuliko riwaya. Mengi ni mabaya. Sarufi haina neno. Ubaya wake ni ule wa hadithi mbovu: yanaficha kitu ambacho msomaji alihitaji kukijua kuliko vyote.

Kwa wasiojua, baiskeli ya changarawe iko kati ya ile ya mbio za lami na ile ya milimani. Usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, tairi ni pana kidogo, fremu ina nafasi ya kufungia mizigo. Mchezo umekua haraka. Hapa kwetu tangu 2021 kuna Migration Gravel Race kule Maasai Mara, na jina la Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani aliyefariki Agosti 2022 akishindana kwenye changarawe huko Vermont, Marekani, linajulikana hata na watu ambao hawajawahi kupanda baiskeli ila ya kukodi utotoni. Lakini wengi wetu hatushindani. Tunapanga. Nusu ya raha ni kukaa usiku na ramani, bando ikielekea kuisha, ukivuta mstari kutoka mji hadi mji na kutazama namba zikipanda.

Mstari wangu unaanza Thika, unapanda hadi bwawa la Ndakaini, kisha unageuka kaskazini na kufuata ukingo wa msitu wa Nyandarua: Kangari, Kanyenyaini, Kiriaini, Othaya, halafu Tetu, hadi Ihithe. Siku mbili, watu wawili. Programu inasema ni kilomita 140 na ushee, na kupanda kwa jumla ya zaidi ya mita 3,000. Mtu akiona hiyo 140 atasema mbona siku mbili, huyu ni mvivu. Atakuwa hajaangalia ardhi imelalaje.

Imelala hivi. Safu ya Nyandarua imesimama magharibi, na maji yote ya upande huu yanateremka kuelekea mashariki. Kila mto umechimba bonde lake, na kati ya bonde na bonde umebaki mgongo mrefu, mwembamba, umelimwa hadi kileleni. Ukifuata mgongo, maisha ni mazuri. Unapanda polepole na chai kushoto kulia. Lakini mtu anayetaka kwenda kaskazini chini ya msitu lazima aikate migongo yote kama anayetembea juu ya kitana. Mto Thika, unashuka, unapanda. Maragua, unashuka, unapanda. Mathioya, Gura. Katikati kuna vijito ambavyo ramani haijasumbuka kuviandika, na kila kimoja kina bei yake. Kitu pekee kinachokata baadhi ya migongo hiyo bila kupanda ni maji ya Nairobi: kuna handaki la kilomita 11.8 linalochukua maji ya Maragua na jirani zake wawili, Gikigie na Irati, na kuyapitisha chini kwa chini kuelekea Ndakaini, ili mimi nioge huku Roysambu siku ambazo mfereji una huruma.

Aliyenifundisha kuusoma mchoro huu hakuwa mwendesha baiskeli. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika The River Between ya 1965, anaanza na migongo miwili inayotazamana, Kameno na Makuyu, na mto Honia ukipita katikati. Shuleni tulifundishwa kwamba hiyo ni ishara: upande mmoja mila, upande mwingine Ukristo, andika alama kumi. Sawa. Lakini ukisoma na miguu iliyochoka unaona kwamba kabla ya kuwa ishara ni ardhi, na ni sahihi. Kuna sehemu ambapo Chege anampeleka mwanawe Waiyaki juu ya kilima ili amwonyeshe nchi. Wakiwa huko juu, migongo ile iliyokuwa ikitunishiana misuli inalainika, uadui unapotea, kila kitu kinakuwa eneo moja zuri la kutazama. Ni ukurasa mzuri, na Ngũgĩ anajua kwamba huo ni uongo wa kimo. Mengi ya mambo mazito ya kitabu yanatokea huko chini, mtoni, mahali ambapo mtu wa kilimani haoni vizuri.

Ramani ya simu ni kile kilima cha Chege, ila haina unabii. Programu nyingi tunazotumia hupata miinuko ya sehemu kama hizi kutoka kwa vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga Endeavour kwa siku 11, Februari 2000. Mwaka huo mimi nilikuwa bado nanyonya. Ardhi iligawanywa kwa vipande vya kama mita 30 kwa 30, kila kipande kikapewa namba moja. Bonde jembamba lenye kingo kali halina mahali pa kukaa kwenye hesabu kama hiyo, linalainishwa. Palipo na msitu mnene rada ilirudi kutoka kwenye majani, kwa hivyo mti unahesabiwa kama udongo. Ndiyo maana mteremko ambao paja litauona kama ukuta, mchoro unauonyesha kama tuta. Sisemi vipimo ni vibaya. Ni kazi ya ajabu, na ya bure. Nasema anayeandika maelezo ya njia kwa kuangalia mchoro peke yake anaandika kutoka kilimani.

Sasa, kila Mkenya aliyefanya Jiografia kidato cha nne alipewa silaha ya kuhakiki uandishi huu, kisha akaisahau. Unakumbuka lile karatasi la ramani, skeli 1:50,000, unaambiwa utaje shughuli za kiuchumi zinazofanyika eneo lile ukitoa ushahidi kutoka kwenye ramani? Kuna kiwanda cha chai, kwa hivyo wanalima chai. Kuna josho, kwa hivyo wanafuga. Kuna shule na zahanati, kwa hivyo kuna huduma za jamii. Tuliyajibu kama kasuku. Niliendelea na somo hilo chuoni kwa miaka miwili kabla ya karo kunionyesha mlango, na sijapata swali bora la kuuliza maandishi yoyote kuhusu mahali. Watu hapa wanafanya nini? Ushahidi uko wapi?

Lifanyie maelezo ya njia za changarawe jaribio hilo na utashangaa. Msamiati wake ni mdogo. Kuna "pori". Kuna "njia iliyofichika". Kuna "mbali na kila kitu". Mito imo, ndege wamo, ukungu upo kila asubuhi kama mfanyakazi wa mkataba. Watu wakitokea ni watoto wanaopunga mkono, na mzee mmoja mwenye kofia, ambaye hatuambiwi alikuwa anaenda wapi. Nimesoma maelezo ya njia moja inayopita Murang'a ambayo hayakutaja chai hata mara moja. Murang'a! Kaunti ya zaidi ya watu milioni moja kwa sensa ya 2019. Kwa migongo hiyo huwezi kusimama ukojoe bila mtu kukuuliza wewe ni wa kwa nani.

Ufiche huu unaumiza mwendeshaji mwenyewe, hilo ndilo la kwanza. Mtu anayepanga njia ngumu anahitaji kujua maji yako wapi, chakula kiko wapi, barabara ikikatika atazungukia wapi, giza likiingia atalala wapi. Majibu yote manne ni watu. Chukua chai. Majani yakichumwa lazima yafike kiwandani siku hiyo hiyo, la sivyo yanaharibika. Kwa hivyo kila baada ya umbali mfupi kuna kituo cha kununulia majani, kibanda kilichoezekwa mabati ambapo wakulima wanapanga magunia na kusubiri lori. Hapo pana kivuli, mara nyingi pana duka karibu, na pana watu kumi wanaojua hali ya barabara leo, si mwaka jana. Lori lenyewe ndilo kipimo bora cha mteremko nilichowahi kukutana nacho: mahali linapopanda likiwa limejaa, nami nitapanda, hata kama ni kwa gia ya mwisho na maombi. Linapogeuzia, hapo ndipo kuna ukuta au daraja bovu. Usiku ukikukuta, moshi wa viwanda unakuonyesha uko mgongo gani. Ukitoka kusini utapita maeneo ya Makomboki, Kanyenyaini, Gatunguru, hadi Chinga. Ule mkanda wa chai unaogusa msitu nao una hadithi yake: ni Nyayo Tea Zones, iliyoanzishwa 1986 ili chai iwe ua kati ya shamba na miti. Hakuna kitu cha "pori" hapo. Hata ukingo wa pori ulipandwa na serikali kwa mistari.

Halafu kuna neno lenyewe, changarawe. Mtaani tunaiita murram. Kwa mwendesha baiskeli murram ni sifa. Njia ikiwa na murram asilimia 80 inapata nyota tano. Kwa mkulima wa Kangema murram ndiyo sababu lori halikufika Alhamisi na magunia manne yakageuka mbolea. Murram ndiyo anayomsimamishia MCA mazishini. Ndiyo mama mjamzito anayopitishwa kwa bodaboda. Barabara za Mau Mau, zaidi ya kilomita 500 za lami zilizokusudiwa kupitia Kiambu, Murang'a, Nyeri na Nyandarua, zilianza wakati wa serikali ya Uhuru Kenyatta na sehemu kadhaa zikakwama kwa muda mrefu. Kuna maelezo ya njia niliyoyasoma yanayosikitika kwamba kipande fulani "kimeharibiwa na lami". Kimeharibiwa! Nilisoma hiyo sentensi nikaweka simu chini nikaenda kuchemsha chai.

Lakini nisijifanye mtakatifu. Mimi pia nikiona mstari wa lami unaingia kwenye mpango wangu moyo unashuka kidogo. Raha yangu inategemea kitu ambacho mtu mwingine anakipigia magoti kiishe. Sijui kama kuna namna ya kuandika njia ya changarawe Kenya bila kugusa jambo hilo. Ninachojua ni kwamba uandishi unaolikwepa unaanza kusikika kama tangazo la nyumba za kukodisha.

Na hili kwangu limeshakuwa suala la pesa. Mapema mwaka huu kampuni moja inayopeleka wageni safari za baiskeli, sitaitaja, iliniagiza niandike maelezo ya njia hii kwa shilingi 12,000. Niliandika maneno 800. Nikataja vituo vya majani, mahali pa kupata chapati Kiriaini, kwamba kati ya Machi na Mei udongo mwekundu unashika tairi hadi gurudumu linagoma kuzunguka, kwamba Julai na Agosti kuna baridi na manyunyu ambayo mtu wa Nairobi haamini. Nikataja matuta ya kuzuia mmomonyoko ambayo utayaona kila ukipanda, na kwamba mwaka 1948 wanawake wa Murang'a waligoma kuyachimba, kwa sababu ilikuwa kazi ya kulazimishwa. Yalirudi na rangi nyekundu. Ondoa vituo vya majani. Ondoa shule. Ondoa 1948. Ongeza "pori". Wateja wetu, waliniandikia, wanatafuta upweke. Nilikataa, na hela hazikuja. Mwenye nyumba wangu si msomaji wa uhakiki.

Upweke huo nimeutafutia chanzo chake kwenye vitabu, na kitabu bora cha kupanga safari ya mlimani kilichowahi kuandikwa kuhusu Kenya ndicho kilichonifungua macho. Felice Benuzzi alikuwa mfungwa wa kivita, Mwitaliano, amefungiwa na Waingereza kambini Nanyuki. Asubuhi moja mawingu yakafunguka, akauona Mlima Kenya, na akaamua kutoroka ili akaupande kisha arudi kambini. Si kutoroka kwenda nyumbani. Kuupanda tu. Januari 1943 alitoka na wenzake wawili, Balletto na Barsotti. Kitabu chake kilitoka kwa Kiitaliano 1947, na Waingereza wakakiita No Picnic on Mount Kenya.

Kurasa ninazozipenda kuliko zile za barafu ni za maandalizi. Hawana ramani. Wana karatasi ya mkebe wa nyama yenye picha ya mlima, na picha yenyewe inaonyesha upande ambao wao hawatapitia. Wanatengeneza vyuma vya kukanyagia barafu kutoka kwa vyuma chakavu, kamba kutoka kwa katani, wanaweka akiba ya chakula kwa kujinyima. Benuzzi anaandika maandalizi kama mtu anayeandika mapenzi: kila kitu kidogo kina uzito, kila kifaa kimepatikana kwa hila na kinaweza kukamatwa. Walishindwa kufika Batian. Walifika Lenana, wakasimika bendera ya Italia, wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe na kuadhibiwa siku 28 za chumba cha peke yake, wakatumikia saba. Kama unapanga safari yoyote, soma sura hizo. Zitakufundisha kwamba mpango mzuri ni orodha ya vitu usivyo navyo.

Lakini angalia mlima wake. Hauna watu. Wakitokea, ni hatari: mtu anayeweza kuwaona na kupiga ripoti. Kwake hilo ni sawa kabisa, jamaa ni mtoro, kila jicho ni polisi. Shida ni kwamba aliyeandika maelezo ya njia kwenye simu yangu anautazama mlima kwa macho yale yale, na yeye hajatoroka popote. Ana viza, ana bima, ana kofia ya bei ya pikipiki. Ameurithi mlima mtupu wa mkimbizi bila kurithi sababu. Na hiyo miaka ya baada ya Benuzzi, waliokuwa wakijificha kwenye misitu hii walikuwa wapiganaji wa Mau Mau, ambao hawakuweza kuishi siku mbili bila vijiji vilivyo chini: nani analeta chakula, nani anajua daraja lina walinzi. Serikali ya kikoloni ililielewa hilo vizuri kiasi cha kuwahamisha watu kwa nguvu na kuwafungia kwenye vijiji vyenye ulinzi. Waliojificha kweli kwenye milima hii waliisoma kwa watu wake.

Kwa upande mwingine kuna Dervla Murphy, yule bibi wa Ireland, aliyetoka Nairobi kwa baiskeli mwaka 1992 akiwa na umri wa miaka 60 akaenda hadi Zimbabwe. Kitabu chake, The Ukimwi Road, kilitoka 1993, na jina lake linaeleza kilichotokea: alitaka safari ya kupumzika kichwa, lakini kila alipolala watu walimzungumzia ukimwi, kwa hivyo kitabu kikawa cha ukimwi. Sikubaliani naye mara nyingi. Ana maoni juu ya kila kitu, na mengine yanakera, hasa akishaamua kwamba ameielewa nchi baada ya bia ya pili. Lakini aliacha mpango wake uvunjwe na mazungumzo, na hiyo ni nadra. Ninaweza kubishana na kitabu chake kwa sababu kina watu wa kubishana juu yao. Na maelezo ya "njia iliyofichika" utabishana vipi? Na ukungu?

Nilipomaliza kusoma nilifanya kitu ambacho programu haina kitufe chake: nilipiga simu. Rafiki yangu nitakayepanda naye ana nyanya yake upande wa Mathioya. Akaweka sauti ya nje, akanitafsiria pale Kikuyu changu kilipoishia.

"Cucu, tunataka kupita huko juu na baiskeli, tukitoka Kanyenyaini."

"Mnaleta nini?"

"Hatuleti kitu, cucu. Tunapita tu."

"Mtu hapiti tu."

Akanyamaza kidogo. Nikadhani simu imekatika.

"Mkifika pale juu ya mto, tazameni ng'ambo. Mkiona gari la majani limesimama upande ule na dereva ameketi chini, msishuke. Rudini mpitie chini kwa kanisa. Na huyo rafiki yako ni wa wapi?"

Ushauri huo wa sentensi tatu una thamani kuliko kila kitu nilichokuwa nimekipakua. Unasema palipo hatari, unasema ishara ya hatari ikoje leo, unasema njia ya pili. Unadhani pia kwamba msomaji atawatazama watu usoni. Kwa vigezo vyangu ni maandishi bora, na hayajaandikwa.

Nikaurekebisha mstari. Sehemu mbili nilizozipenda, zile zinazoingia ukingoni mwa miti ambapo ramani ni kijani tupu, nilizitoa. Ingine inagusa hifadhi ya taifa, na huko huingii na baiskeli kama unaingia sokoni. Kuna tembo na nyati, na kuna geti. Siku ya kwanza sasa inaishia kwa cucu, ambayo imepunguza kilomita na kuongeza milima, kwa sababu nyumba yake iko upande wa pili wa bonde. Nimehamisha safari hadi Februari, udongo ukiwa umekauka. Nimehesabu mito upya kwa kuuliza, na imekuwa mingi kuliko ile ya programu, nimeacha kuhesabu.

Imebaki Ihithe, ambako mstari unaishia, na ambapo sina raha. Ihithe ndiko alikozaliwa Wangari Maathai. Katika Unbowed, ya 2006, kuna kijito karibu na mti wa mugumo ambapo akiwa mtoto alikuwa anateka maji na kucheza na mayai ya vyura akidhani ni shanga. Miaka mingi baadaye mti umekatwa na kijito kimekauka. Hakuna maelezo ya njia yaliyowahi kunieleza mahali pa maji kwa usahihi kama huo, pamoja na sababu ya maji kutokuwepo. Na ni kutoka hapo hapo Ihithe ambapo serikali inataka kupitisha lami kuvuka Nyandarua hadi Ndunyu Njeru, kama kilomita 52, sehemu yake ikipita ndani ya msitu na hifadhi. Mwaka 2024 NEMA ilitoa kibali, wanamazingira wakaenda kortini. Watu wa upande wa Nyandarua wenye viazi na maziwa wanasema wanazunguka mlima mzima kufika Nyeri. Wanaopinga wanasema msitu huu ndio unaojaza mito ile yote ninayolalamika kuivuka, pamoja na mfereji wangu wa Roysambu. Nimejaribu kupata upande ambao ni wangu. Kama mtu wa baiskeli nataka ibaki murram, na sababu hiyo ni nyepesi mno kuletwa mbele ya mwenye viazi. Kama mtu anayekunywa maji nataka msitu, na hiyo ni nzito. Zinafika mahali pamoja na sipendi zinavyosaidiana.

Kwenye maelezo yangu, yale maneno 800 ambayo sasa yamekuwa 1,100 na hayana mnunuzi, aya ya Ihithe inasema hivi: barabara inayoendelea magharibi ina kesi, uliza kabla ya kuwa na maoni, duka la mwisho lina soda na mkate, na halina tyubu.

Rafiki yangu anabeba pampu. Mimi nabeba viraka, vipande viwili vya cheni, na kilo mbili za sukari, kwa sababu cucu alipiga simu tena kuuliza kama bado tunapita tu.